Miaka ya Mwanzo ya Mpango wa Jiji: Maendeleo Yatafutwe Wapi?

Majiji mengi hupitisha mipango ya kuboresha makazi na huduma za jamii ya miaka kumi na mitano, ishirini au hata thelathini, na karibu kila mara mambo hujirudia. Ufikapo mwaka wa pili au wa tatu wananchi huanza kuuliza kulikoni, kwa kuwa wameona mabango na kusikia hotuba, lakini mtaani kwao njia ni ile ile na maji yanatuama pale pale. Maofisa nao, wakihisi wanashutumiwa, hutoa orodha ya mikutano iliyofanyika na fedha zilizotumika, orodha ambayo haimjibu aliyeuliza. Makala haya yanaeleza kinachotarajiwa kuonekana katika miaka mitatu hadi mitano ya kwanza, na namna ya kuitambua hatua ya kweli hata kabla haijawa jengo au lami.

Tuanze na mtaro wa maji ya mvua, kwa sababu ndipo ugumu wote unapoonekana waziwazi. Mtaro hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Kwanza huandaliwa mahali maji yatakapomwagwa, iwe ni mtoni, bwawani au baharini. Kisha hujengwa mfereji mkuu pamoja na makalvati yake. Mwisho ndipo huja mitaro midogo ya vichochoroni, ile inayopita mbele ya milango ya watu. Anayeugeuza utaratibu huo, pengine kwa kuwa uchaguzi umekaribia na vichochoroni ndiko waliko wapiga kura, huwa hajaondoa mafuriko, ameyahamishia kwa jirani wa bondeni: maji yaliyokuwa yakinywea ardhini taratibu sasa hukimbia juu ya zege na kufika chini yote kwa mkupuo. Kwa hiyo katika mpango uliopangwa vizuri mitambo huonekana kwanza mbali na makazi, kando ya mto ambako watu hawapiti, na mkazi wa mtaa wa juu hudhani kwamba amesahauliwa. Hata hiyo mitambo hutanguliwa na upimaji wa miinuko ya ardhi, usanifu wa kina, fidia kwa wenye nyumba zilizo kwenye njia ya mfereji, na zabuni. Kazi hizo peke yake zaweza kumaliza miaka miwili, na anayepita eneo hilo asione zaidi ya vigingi vilivyopakwa rangi na namba za wapima ukutani. Vigingi hivyo ni maendeleo, mradi kila mwenye nyumba iliyowekewa namba amekwisha kuelezwa namba hiyo ina maana gani na atalipwa lini.

Jiji la Curitiba, kusini mwa Brazili, ambalo wataalamu wa mipango miji hupenda sana kulitolea mfano, lilianzisha taasisi yake ya mipango mwaka 1965 na kupitisha mpango kabambe mwaka 1966, lakini njia zake maalumu za mabasi zilianza kutumika mwaka 1974. Miaka hiyo minane haikupita bure. Mwaka 1972 meya Jaime Lerner aliufunga mtaa mkuu wa biashara kwa magari na kuugeuza kuwa wa waenda kwa miguu. Kazi ilifanywa kwa kasi mwishoni mwa wiki, huku wenye maduka wakipinga. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilikuwa kipande halisi cha mpango, kwa maana mpango ulitaka katikati ya jiji papewe watu badala ya magari. Hapo ndipo pa kutofautisha kazi ya haraka yenye maana na ile ya pambo: ya kwanza hubaki na umuhimu wake hata mpango ukikamilika, na ya pili huja kubomolewa wakati wa kupitisha bomba.

Upo pia mfano wa kutahadharisha. Medellín nchini Kolombia inasifiwa, na kwa haki, kwa kuviunganisha vitongoji maskini vya milimani na jiji kwa magari ya kamba, yaani vyumba vidogo vya abiria vinavyoning'inia na kuvutwa kwenye waya, ambayo njia yake ya kwanza mlimani ilifunguliwa mwaka 2004. Katika vitongoji hivyo hivyo ilifunguliwa mwaka 2007 maktaba kubwa ambayo picha zake zilisambaa duniani kote, na miaka michache baadaye ikalazimu ifungwe kwa kasoro za ujenzi. Kufunguliwa kwa jengo, basi, ni habari ya siku moja. Mikataba mingi ya ujenzi huweka kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake mwenyewe. Mkazi anayeona ufa au mfuniko uliozama autolee taarifa kwa maandishi ndani ya kipindi hicho, kwa sababu kikipita gharama huhamia kwa mlipa kodi.

Tukija kwenye ripoti za utekelezaji zenyewe, jambo la kwanza ni kutochanganya fedha iliyotumika na kazi iliyofanyika. Mkandarasi kwa kawaida hupokea malipo ya awali kabla ya kuanza kazi, hivyo matumizi yaweza kuonekana makubwa wakati eneo la ujenzi bado ni majani matupu. La pili ni kutofautisha kilichojengwa na kilichobadilika. Urefu wa mabomba yaliyolazwa ni hesabu ya mhandisi. Mkazi anahitaji kujua maji yanatoka saa ngapi kwa siku, na kama yanatoka wakati wa kiangazi. Suala la majira si dogo, kwa maana hali ya awali ikipimwa kiangazi na matokeo yakapimwa baada ya masika, takwimu zitapanda hata kama hakuna aliyeshika koleo. Tena wastani wa jiji zima huficha mengi: mitaa iliyokuwa na nafuu ikizidi kunufaika, wastani hupanda huku maskini wakiwa pale pale. Mimi nikipewa ripoti huanza na jedwali la mtaa kwa mtaa, na lisipokuwepo, sifa zilizoandikwa kurasa za mbele huzipa uzito mdogo.

Jambo la tatu, ambalo ripoti nyingi hulipita, ni mwenendo wa wakazi wenyewe. Mpango wa kuboresha kampung, yaani mitaa ya makazi yenye msongamano iliyokua bila kupangwa, ulioanza Jakarta, Indonesia, mwaka 1969 uliwapa wakazi njia za miguu, mitaro, maji na vyoo vya jumuiya bila kuwahamisha kwa wingi, na baada ya njia na mitaro kufika watu walianza kukarabati nyumba zao kwa fedha zao. Mtu haezeki upya nyumba anayohofia itabomolewa. Ukarabati wa hiari huonyesha kwamba mpango umeaminiwa, na huonekana mapema kuliko takwimu za afya au kipato. Lakini mabadiliko hayo hayo huweza kupandisha kodi ya pango, na wapangaji wakaondoka kimya kimya kabla hawajafaidi chochote. Jiji lisilohesabu wapangaji wake mwanzoni halitajua wameondoka wangapi.

Bajeti ya matunzo nayo ihojiwe mapema. Mtaro wa kwanza huanza kujaa mchanga na taka siku ulipokabidhiwa. Ikiwa kufikia mwaka wa tatu hakuna fungu la kuuzibua wala idara iliyotajwa kwa jina kuwa ndiyo yenye jukumu hilo, mitaro itakayofuata nayo itaziba vivyo hivyo.

Mwisho, malengo hubadilika. Porto Alegre, jiji jingine la Brazili, lilianza mwaka 1989 kuwashirikisha wananchi katika kupanga bajeti, na mwanzoni fedha za kutekeleza waliyoyachagua zilikuwa haba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ilimezwa na mishahara. Ilibidi kwanza makusanyo ya kodi yarekebishwe. Marekebisho ya namna hiyo ni halali, na mapitio ya kila baada ya miaka michache huwekwa kwa ajili hiyo. Kinachotakiwa ni lengo la awali libaki kwenye jedwali kando ya lile jipya, pamoja na sababu ya kulibadili na jina la kikao kilichoamua. Anayehudhuria mkutano wa mapitio aombe toleo la kwanza la mpango liletwe mezani, kisha safu zilinganishwe moja baada ya nyingine, zikiwemo za miradi ambayo haitajwi tena.