Boti kuukuu ya uvuvi wa burudani: kagua kabla ya kulipa, si baada ya kulipa

Kila upepo wa kusi unapotulia na kaskazi kukaribia, mauziano ya boti zilizotumika huchangamka kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani na Msimbati. Wenye hoteli hutafuta boti ya kuwapeleka wageni kwenye nduaro, jodari na kolekole, na wengine hujinunulia tu ya kuvulia mwisho wa wiki. Hilo ni jema. Malalamiko huanza miezi miwili baadaye, mnunuzi anapofika ofisini na boti isiyokaguliwa, isiyosajiliwa kwa jina lake, na ambayo kitako chake (ukuta wa nyuma unaobeba mashine) kimeoza, akitaka “cheti cha haraka” kwa kuwa wageni wameshalipia safari. Cheti cha haraka hakipo. Makala hii inaeleza yapi yakaguliwe, kwa utaratibu gani, na yapi yanayomfunga mnunuzi kisheria.

Anza na karatasi, hata kama boti iko mbele yako inang'aa. Muuzaji akuonyeshe cheti halisi cha usajili (si picha ya kwenye simu), cheti cha ubora wa chombo cha mwaka huu, hati ya mauziano iliyompa yeye umiliki, na kwa boti iliyotoka nje ya nchi, nyaraka za forodha zinazoonyesha kodi ililipwa. Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini kwa Tanzania Bara uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Boti iliyosajiliwa Zanzibar iko kwenye daftari la mamlaka ya Zanzibar, na kuihamishia huku kuna hatua zake: kwanza ifutwe kule, ndipo isajiliwe hapa. Chombo kimoja hakikai kwenye madaftari mawili.

Suala la forodha linahitaji maneno ya ziada, maana hapa kusini tuko jirani na Msumbiji na boti nyingi za michezo, hasa zile za mikuku miwili (bodi mbili zilizounganishwa) zilizotengenezwa Afrika Kusini, huingia kwa njia hiyo. Baadhi huingizwa kwa kibali cha muda, mwenyewe akiwa mgeni anayepita. Kibali hicho hakimpi haki ya kuiuza humu nchini kabla kodi haijalipwa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo kisicholipiwa ushuru kinaweza kukamatwa na kutaifishwa hata kikiwa mikononi mwa mnunuzi aliyetoa pesa yake kwa nia njema. “Sikujua” haitengui hilo. Peleka namba za nyaraka TRA zihakikiwe kabla hujatoa hata fedha ya kishika uchumba.

Kisha linganisha namba. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani tangu mwishoni mwa 1972 zina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, nyuma, upande wa kulia, sehemu ya juu ya kitako. Kwa zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Basi mtu akikuambia boti ni ya 2005 na namba inaishia 88, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe. Boti za soko la Ulaya tangu 1998 zina pia bamba lenye alama ya CE, idadi ya watu, uzito unaoruhusiwa, na herufi ya daraja: A ni bahari kuu, B ni mbali na pwani (mawimbi hadi mita 4), C ni karibu na pwani (mawimbi hadi mita 2), D ni maji yaliyojificha. Boti ya daraja D haina kazi nje ya ghuba ya Mtwara, hata ingefungwa mashine kubwa kiasi gani. Bamba lililopigwa ripiti mpya juu ya rangi ya zamani lipige picha na uulize. Na mashine ina namba yake kwenye mabano ya kufungia. Ilingane na ile iliyo kwenye karatasi, maana mashine zilizoibiwa huuzwa pamoja na boti halali.

Sasa bodi. Mikoa yetu haina mitambo ya kunyanyulia boti kila ufukwe, lakini tuna bamvua. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Leta boti maji yakiwa yanatoka, ichague mchanga safi usio na mawe wala matumbawe, iegemeze kwa magogo na magunia ya mchanga pande zote mbili, na utapata saa mbili au tatu za kuikagua chini kwa uhakika. Boti yenye propela na usukani chini ya bodi ichimbiwe shimo sehemu hiyo ili isikalie shafti. Usikubali kuikagua maji mafu (siku ambazo maji hayapwi sana), boti ikielea, eti “utaona tu ikipanda”.

Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au hata mpini wa bisibisi, na ugonge faiba kidogo kidogo, nafasi ya sentimita kumi hivi, kuanzia omo (mbele) kwenda tezi (nyuma). Mahali pazima hutoa mlio mkali, mkavu. Mahali palipoachana tabaka au palipolowa ndani hutoa mlio uliokufa. Weka alama ya chaki kila unaposikia hivyo, na ukimaliza simama mbali uone alama zimejikusanya wapi. Tazama malengelenge chini ya njia ya maji (mstari maji yanapofikia boti ikielea): yakitobolewa na kutoa majimaji yenye harufu kali kama ya siki, maji yameshaingia kwenye faiba. Machache yanatibika kwa kukwangua, kukausha na kupaka epoksi. Yakiwa yameenea chini yote, kukausha bodi kunachukua wiki nyingi na gharama yake ijadiliwe kwenye bei. Rangi mpya ya chini iliyopakwa juzi si dalili ya matunzo. Omba kukwangua sehemu mbili tatu, na muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Sehemu inayowaponza wengi ni kitako. Kwenye boti nyingi za miaka ya 1970 hadi 1990 kitako ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Kila tundu la bolti, la skrubu ya transdyusa ya kutafutia samaki, au la kutolea maji, ni mlango wa maji kuingia kwenye mbao kama halikuzibwa vizuri. Mbao huoza ndani, nje faiba inaendelea kupendeza. Jaribu hivi: inua mashine nusu, shika mguu wake chini karibu na propela, ulemee na kuuachia mara kadhaa, na mwenzako aangalie pale kitako kinapokutana na bodi na sakafu. Kikinepa, au maji ya rangi ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti, au ukiona nyufa zimetoka kwenye pembe za mashine, mbao imekwisha. Kuifungua na kuijenga upya ni kazi ya fundi wa faiba mwenye uzoefu, si ya kupaka resini juu na kupiga rangi.

Hapo hapo uliza mashine ya sasa ni ipi ukilinganisha na ya asili. Boti hizo zilichorwa kubeba mashine nyepesi za kuchanganya oili na petroli. Mashine ya kisasa yenye oili yake peke yake, ya nguvu farasi 150, ina zaidi ya kilo 200. Ukifunga mbili nyuma ya boti iliyokusudiwa nyepesi, tezi inazama, na matundu ya kutolea maji sitahani yanakuwa chini ya njia ya maji, hivyo badala ya kutoa yanaingiza. Boti ikiwa imefungwa, watu watatu wasimame nyuma, mtazame matundu hayo.

Ingia ndani. Fungua vifuniko vyote vya sakafu, vuta povu kama lipo, na uchome mataruma ya urefu (mbao zinazoimarisha bodi) kwa bisibisi nyembamba. Bisibisi ikizama, mbao imeoza. Sakafu inayobonyea chini ya miguu, hasa kuzunguka kiti cha kupigania samaki na nguzo za paa, huwa na hadithi hiyo hiyo. Kiti hicho kifungwe kwa bolti zinazopita hadi kwenye bamba la chini, si skrubu zilizochomwa kwenye sakafu, kwani samaki mkubwa huking'oa pamoja na aliyekikalia.

Tangi la mafuta ndilo wanunuzi hulisahau kabisa. Tangi la alumini lililozikwa kwenye povu chini ya sitaha huliwa na maji ya chumvi kuanzia chini, pasipoonekana, na kulibadilisha maana yake ni kukata sitaha. Harufu ya petroli ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) isipuuzwe: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini, na cheche moja ya pampu yatosha. Fundi alipime tangi kwa shinikizo dogo, lisizidi psi 3, kwa pampu ya mkono na si kompresa ya gereji, kisha geji iachwe na kutazamwa kama inashuka. Mipira ya mafuta iliyopasukapasuka au kulainika ibadilishwe yote, bila majadiliano. Petroli iliyolala tangini msimu mzima wa kusi imwagwe kwa usalama kabla ya kuwasha chochote.

Kuhusu mashine, sharti moja: ikute baridi. Ipapase kwa mkono kabla haijawashwa. Iliyokwisha kupashwa moto kabla hujafika inaficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi kwenye dizeli ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha au mzigo uliozidi. Mweupe usiokoma ni mafuta yasiyoungua au maji. Chomoa kijiti cha oili, fungua na skrubu ya chini ya giaboksi: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Fundi apime kompresheni ya kila silinda na tofauti kati yao isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda moja ikiwa chini peke yake ni mbaya kuliko zote kuwa chini kidogo. Impela ya pampu ya maji usiulize ilibadilishwa lini. Badilisha.

Kwa boti yenye dizeli ya ndani, angalia kiwiko cha eksozi kinapochanganya moshi na maji ya bahari. Huliwa kutoka ndani, na kikitoboka maji hurudi kwenye silinda. Kama hakuna risiti ya kubadilishwa kwake ndani ya miaka mitano hivi, kihesabu kama kimekufa. Nyaya nazo: kata ncha ya mmoja uone. Shaba iliyogeuka kijani hadi ndani ya ganda imekwisha, na waya wa kufungia umeme nyumbani hautakiwi kwenye boti, ingawa tunaukuta kila mara. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye ngama, swichi ya kuelea iwashe pampu yenyewe.

Majaribio ya baharini yafanyike mchana upepo ukiwa umeanza, nje ya maji yaliyojificha, na si alfajiri ndani ya hori la Mikindani ambamo hata ngalawa mbovu huonekana nzima. Beba mafuta na watu kama wa safari halisi. Enda mwendo wa kati dakika 15, kisha gesi yote dakika chache, na usome mizunguko. Mashine isiyofikia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake ina propela isiyofaa, mzigo mwingi, au ugonjwa. Joto lisipande. Mkirudi, fungua ngama kabla ya kufunga kamba.

Sasa yale ambayo wananchi hutubishia. Cheti cha ubora alichokuwa nacho muuzaji si dhamana kwako. Mkaguzi alithibitisha hali ya siku ile na matumizi yale. “Ni ya starehe tu, haihitaji leseni.” Hapana. Boti ya kuvulia inahitaji leseni ya chombo cha uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003: chini ya mita 11 nenda halmashauri kwa ofisa uvuvi, kuanzia hapo Idara ya Uvuvi wizarani. Leseni ya muuzaji haihami pamoja na boti. Ukitoza wageni nauli unakuwa mchukuzi wa abiria, na ukaguzi, bima na cheti cha nahodha hubadilika. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma unahitaji pia kibali cha hifadhi. Redio ya VHF ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kukutwa bila hivi kunaweza kuleta kuzuiwa kwa chombo na faini, na nahodha anawajibika pamoja na mwenye boti. Kumtupia dalali lawama mbele ya askari hakusaidii.

Mauziano yaandikwe mbele ya wakili, yakitaja namba ya bodi, namba ya kila mashine, trela, na vifaa vilivyomo. Lipa sehemu, na salio litoke baada ya majaribio ya baharini na uhakiki wa nyaraka, hilo nalo liandikwe. Tenga angalau asilimia 15 ya bei kwa matengenezo ya mwanzo. Ukienda kubadili umiliki, chukua hati halisi ya mauziano, cheti cha zamani, kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, nyaraka za forodha na picha za boti kutoka pande nne. Fataki za dharura na mitungi ya kuzimia moto iliyokwisha muda usiihesabu kama vifaa. Kwa atakayenunua Novemba: ukaguzi na usajili vianze mara moja, na uulize ofisi ya uvuvi leseni hukoma lini na kama kuna haja ya kuilipia kabla ya Januari.