Uwindaji wa vibali vichache: maana yake, na kwa nini mipango yake huanza miaka mingi kabla ya safari

Katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, anayetaka kuwinda elki dume kwenye milima inayosifika hawezi kukata leseni asubuhi na kupanda mlima jioni. Hata akiwa na leseni, bunduki na farasi wa kubebea nyama, bila kibali cha kitalu husika (eneo lenye mipaka yake kwenye ramani), msimu huo na aina hiyo ya silaha haruhusiwi kufyatua hata risasi moja. Vibali hivyo ni vya kuhesabika na hutolewa kwa droo, na waombaji huwa wengi kuliko vibali mara nyingi sana. Huo ndio uwindaji wa vibali vichache.

Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kweli kweli: dume aliyekomaa huweza kupita kilo 300. Kwenye milima hiyohiyo huishi kulungu wa masikio makubwa, ambaye ni mdogo kwa mbali. Madume wa aina zote mbili hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na pembe kubwa kabisa huota kwa dume aliyeachwa aishi miaka mingi. Kila mwenye leseni akiruhusiwa kuwinda, madume huuawa wakiwa wachanga na kundi hubaki na majike pamoja na vijana. Kupunguza vibali ni kuamua kwamba baadhi ya madume wazeeke.

Kuna historia nyuma ya ukali huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa wamekaribia kumalizwa na uwindaji wa biashara. Walikamatwa eneo la hifadhi ya Yellowstone, wakasafirishwa na kuachiliwa katika majimbo mengine, Utah likiwemo. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya Pittman-Robertson, inayoelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Leo Amerika Kaskazini ina elki takriban milioni moja.

Nauchukua mfano wa Utah kwa sababu utaratibu wake unaonyesha vizuri jinsi mambo yanavyokwenda. Idara ya wanyamapori ya jimbo hupanga wastani wa umri wa madume wanaotakiwa kuuawa katika kila kitalu. Wawindaji waliofanikiwa hutuma jino la mnyama, nalo hukatwa na kusomwa matabaka yake ili kujua aliishi miaka mingapi. Wastani ukishuka chini ya lengo, vibali hupunguzwa, ukipanda, huongezwa. Kwa hiyo idadi ya vibali inatokana na umri wa wanyama wenyewe, na hilo kwangu ni jambo la kuheshimiwa.

Sasa droo. Kila anayeomba akakosa hupewa pointi moja. Tuseme kitalu kina vibali 10: vitano huenda kwa waombaji wenye pointi nyingi kuliko wote, na vitano vilivyobaki huchezeshwa kwa bahati. Katika sehemu hiyo ya bahati, mwenye pointi 12 hupata namba 13 za kubahatisha, na mwombaji wa mara ya kwanza hupata moja tu. Anayepata namba ndogo zaidi ndiye mshindi. Kijana anayeanza leo ana tundu dogo la kupenya, na mzee aliyesubiri muda mrefu hasahauliki. Naona huu ni uadilifu kuliko foleni tupu ya pointi, ambako anayeanza amechelewa tayari: watu wanaoingia kila mwaka ni wengi kuliko vibali vinavyotoka, kwa hiyo kiwango cha pointi kinachohitajika kinapanda na yeye anabaki nyuma palepale. New Mexico haitumii pointi kabisa. Nevada huzidisha pointi za mtu kwa zenyewe na kuongeza moja, hivyo mwenye 10 huingia na namba 101.

Msomaji wa Tanzania asichanganye kitalu hiki na vitalu vya uwindaji vya kwetu, ambavyo kampuni hukodishiwa na serikali kisha huleta wageni wake. Kule kitalu ni mipaka tu kwenye ramani. Anayepewa haki ni mtu mmoja mmoja, kwa mnyama mmoja, kwa siku zilizotajwa.

Ugumu huongezeka ukitaka elki na kulungu katika safari moja. Mkazi wa Utah haruhusiwi kuomba vibali vichache vya wanyama hao wawili mwaka mmoja, huchagua mmoja. Njia ya werevu ni kuomba kibali kichache cha elki, kisha kuomba kulungu kwenye droo ya vibali vya kawaida, ambayo ni tofauti na yenye ushindani mdogo zaidi. Hapo tazama kalenda. Msimu wa mwanzo wa bunduki kwa elki huwa Septemba, wakati madume wanalia wakitafuta majike, ilhali bunduki za kulungu husubiri Oktoba. Anayetumia upinde ana nafasi nzuri zaidi, kwani misimu yote miwili ya upinde huanza Agosti na kwenda pamoja hadi Septemba. Na afikirie vizuri kabla ya kuomba: akishinda kibali cha elki, pointi zake hufutika, na hangoji chini ya miaka 5 kabla ya kuomba tena.

Kibali kikipatikana, kazi inakuwa mlima. Boulder Mountain, kusini mwa Utah, unapita mita 3,300. Mtu wa pwani atafika pale na pumzi fupi na kichwa kinachouma, kwa hiyo afike siku kadhaa mapema. Lakini wengi huponzwa na nyama kuliko mwinuko. Elki dume hutoa nyama isiyo na mfupa ya kilo 90 hivi, Septemba mchana bado kuna joto, na sheria inakataza kuacha nyama iharibike porini. Majimbo mengi pia yanazuia kuingiza ubongo na uti wa mgongo wa kulungu na elki, kwa hofu ya ugonjwa wa kudhoofisha ambao ulitambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Mgeni aachanishe nyama na mifupa hukohuko. Mtu mmoja mwenye begi mgongoni atahitaji kwenda na kurudi mara tatu au nne. Ikiwa gari liko nusu siku ya mwendo na hana msaidizi wala farasi, dume lile alitazame kwa darubini na kumwacha apite.