Bastola ya XRF haioni tumbo la sarafu

Juzi tena mtu kanitumia picha ya kioo cha mashine ya XRF (ile bastola ya kupima madini kwa eksirei): denari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ya kaizari Nero, fedha asilimia 93.47, chini kaandika "mnaosema Nero alichakachua hela mnamsingizia marehemu", yaani eti hakupunguza fedha akazidisha shaba. Sijui ni mara ya ngapi hii. Na hiyo .47 ndo inaniudhi zaidi, utadhani sarafu imekula kiapo.

Jamani, bastola ya XRF inasoma ngozi. Kwenye aloi (mchanganyiko) ya fedha na shaba, mionzi ya shaba inayorudi inatoka kina cha mikroni (elfu moja ni milimita) kama kumi hivi, ya fedha makumi kadhaa, basi. Sonara anaiamini na ana haki, pete ikitoka kuyeyushwa juzi ndani na nje ni kitu kimoja (ikiwa ya kupaka, naye analizwa). Denari sio pete ya juzi.

Kile kidonge cha aloi, kabla ya kugongwa chapa kiwe sarafu, kilipashwa moto, shaba ya juu ikashika hewa ikawa oksaidi nyeusi, kikatumbukizwa kwenye asidi, oksaidi ikaondoka, juu ikabaki fedha yenye vitundu kama sponji, halafu nyundo ikashuka ikailaza ikang'aa. Hakuna aliyepaka kitu! Hiyo fedha ni ya sarafu yenyewe, ndo maana kwa macho hushtuki. Kisha ikalala ardhini karibu miaka elfu mbili na udongo nao ukaanza kula shaba. Ganda hilo laweza kupita mikroni mia, yaani mashine yako imeishia barazani.

Na watafiti wakubwa wa sarafu za Kirumi walinaswa pia. D. R. Walker, miaka ya 1970, alikwangua ukingo kwanza ndo akapima, na bado denari za Nero za baada ya mwaka 64 BK zikampa fedha kama asilimia 93. Kevin Butcher na Matthew Ponting wakaja kutoboa ukingoni kwa drili, unga wa mwanzo wakamwaga, wakapima wa ndani: karibu asilimia 80. Mwaka 68 ikapanda tena karibu 90. Kwa hiyo marehemu hajasingiziwa.



Ila na mimi nikiri. Tundu ni moja, halifiki hata milimita, na aloi hii ikipoa hujitenga, huku mabaka yenye fedha nyingi, huku ya shaba, na kutu hufuata yale ya shaba mpaka ndani kabisa. Nikitoboa najuaje nimelivuka ganda? Naangalia rangi ya unga ikibadilika, na siku nyingine nakisia tu. Ndo maana mimi naandika "karibu 80" na nukta nawaachia nyie.

Halafu nenda kwenye makumbusho uwaombe ruhusa ya kutoboa uone utakavyotolewa macho. Siwalaumu. Mwenye denari iliyokatika vipande viwili anitafute, nzima nzima kaeni nazo.