Mpaka kwenye skrini na mpaka ardhini: kuchagua GPS ya kuwindia

Msimu wa kuwinda ukikaribia, sisi wapima ardhi huulizwa swali lilelile: ni kifaa gani cha GPS kitakachonionyesha mpaka wa shamba la jirani bila kukosea? Hakuna. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimeona watu waungwana, wasio na nia yoyote ya kuingia kwa mtu, wakijikuta na bunduki mkononi ndani ya ardhi isiyo yao, huku skrini ikiwaambia wako salama.

Ule mstari unaouona kwenye kifaa umebeba makosa mawili. La kwanza ni la mahali ulipo wewe, na la pili ni la mahali mstari wenyewe ulipochorwa. Fedha unayoongeza dukani hupunguza lile la kwanza tu.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloumiza wengi. Ramani za viwanja zinazopakiwa kwenye vifaa na programu za simu mara nyingi hutokana na kumbukumbu za kodi ya ardhi, au karatasi za zamani zilizogeuzwa kuwa za kidijitali. Zilitengenezwa ili ofisi ijue nani anamiliki nini. Hazikukusudiwa kumwonyesha mtu aliye porini asimame wapi. Mstari unaweza kupotoka mita kadhaa, na mahali pengine makumi ya mita. Ukuze mstari huo uwezavyo, hautakuwa sahihi zaidi ya karatasi ulikotoka.

Kuna pia suala la datamu, yaani umbo la dunia ambalo ramani imepimiwa. GPS hutumia datamu iitwayo WGS84. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia Arc 1960, za Amerika Kaskazini NAD27. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye kifaa kilichowekwa WGS84, alama yako itahama karibu mita 300, na kifaa hakitakuonya. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua mipangilio uone kama kifaa kinaruhusu kubadili datamu na namna ya kuandika nyuzi. Mtu akikutajia kona ya shamba kwa nyuzi na dakika, nawe ukaziandika kama nyuzi zenye desimali, unaweza kupotea kwa kilometa nyingi.

Sasa kosa la kwanza. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikichafua kwa makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, na kosa lilifika mita 100. Siku hizi simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukaribia mita 5. Shida ni kwamba mnyama hakai chini ya anga wazi. Mawimbi haya husafiri zaidi ya kilometa 20,000 kutoka kwenye setilaiti na hufika yakiwa dhaifu mno. Majani yenye maji huyanyonya, na kuta za bonde huyarudisha, nayo yakachelewa. Kuchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na kosa la mita 300 katika umbali unaopimwa, kwa hiyo hata mwangwi mfupi tu kutoka kwenye jabali unatosha kukuhamisha.

Niliwahi kuweka vifaa vitatu juu ya jiwe la mpaka lililopimwa vizuri, ukingoni mwa msitu uliokuwa umetoka kunyeshewa. Upande mmoja palikuwa pamelimwa, upande wa pili miti mirefu ikidondosha matone. Mimi sikusogea, jiwe halikusogea. Lakini alama ya simu ilitambaa taratibu kuingia msituni, ikarudi, ikavuka mstari tena. Kifaa cha mkononi kilitulia zaidi. Kile cha tatu, kinachopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, kilitulia kuliko vyote, ila nacho kilisimama hatua kadhaa kutoka kwenye mstari wa ramani yake. Pale mstari ndio uliokuwa umekosea, na kifaa kilikuwa sahihi.

Kwa hiyo ukiwa na uwezo, chagua kifaa kinachopokea L1 na L5, yaani masafa mawili hayo, na kinachosoma makundi kadhaa ya setilaiti: GPS, Galileo, GLONASS, BeiDou. L5 hutambua mwangwi vizuri zaidi, na kupokea masafa mawili husaidia kusahihisha ucheleweshaji wa angani. Tazama na antena. Vifaa vyenye kijiti kinene kinachochomoza juu hufanya kazi vizuri vikisimamishwa wima; vyenye antena bapa ndani vilazwe chali, uso ukitazama juu. Ukikitia mfukoni karibu na tumbo, mwili wako wenyewe unaziba anga. Simu si mbaya, ilimradi ramani zimepakuliwa kabla hujaacha mtandao na una chaji ya ziada. Mimi napendelea vitufe, kwani kidole chenye glavu au tope hakiiwezi skrini ya kugusa.

Usiiamini sana namba ya usahihi. Simu za Android zikisema mita 4, maana yake ni uwezekano wa takriban asilimia 68 kwamba uko ndani ya mita hizo. Mara moja katika kila tatu, uko nje yake.

Kipengele ninachokithamini kuliko rangi za skrini ni kengele ya ukaribu. Iweke ilie ukiwa bado mita 50 kabla ya mpaka, na msituni uongeze. Utaona ni nyingi, lakini risasi ndogo ya .22 huweza kuruka zaidi ya kilometa 1.5, na mpaka wa ramani hauisimamishi. Upande wa kulenga una uzito zaidi kuliko mahali unaposimama. Anayewinda na mbwa achague mfumo wa kola ya GPS ya mbwa wenye ramani ileile, maana mbwa hufuata harufu, hajui ya jirani ni ipi.

Kabla ya msimu, nenda na mwenye shamba hadi kwenye mawe ya mpaka. Simama juu ya kila moja dakika kadhaa, tumia wastani wa pointi (kifaa hupima mahali hapo mara nyingi na kuchukua wastani) kama kifaa kinao, uhifadhi alama. Rudi siku nyingine ujaribu tena. Tofauti unayoiona kati ya siku hizo mbili, pamoja na ile iliyopo kati ya alama zako na mstari wa ramani, ndiyo itakayokuambia uache nafasi kiasi gani. Mkigombania mita mbili au tatu, GPS ya mkononi haina neno. Mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa.

Na mnyama uliyemjeruhi akivuka? Weka alama pale ulipoona damu mara ya mwisho, toa risasi kwenye bunduki, mpigie mwenye ardhi simu. Namba yake iwe ndani ya simu yako tangu siku ile mliyotembea pamoja kwenye mawe.