Ndugu wakiimba: mfano wa akina Lewis wa Georgia

Wanakwaya wangu wakiwasikia ndugu wa tumbo moja wakiimba pamoja, husema, "Mwalimu, hiyo ni damu tu." Mimi naona damu inasifiwa kupita kiasi. Ukitaka kujua ndugu wanachofanya hasa, wasikilize akina Lewis wa Lincolnton, mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani. Waliimba injili ya bluegrass kuanzia 1951 hadi walipostaafu 2009.

Kwa asiyeijua bluegrass: ni muziki wa vyombo vya nyuzi, na kwa desturi hauna ngoma. Kuna banjo, mandolini, fidla, gitaa na lile besi kubwa la kusimama. Jina limetokana na bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, na muziki wenyewe ulipata sura tunayoijua Earl Scruggs alipojiunga naye mwishoni mwa 1945 akiwa na banjo yake ya vidole vitatu. (Banjo, tukumbushane, asili yake ni Afrika. Waliopelekwa utumwani ndio walioitengeneza kule, na Wajola wa Senegal na Gambia bado wanapiga akonting, yenye uzi wake mfupi wa dole gumba.) Nyimbo za injili zimekuwemo tangu mwanzo, ila mara nyingi ziliimbwa na wanaume wanne, sauti zao kali na za juu.

Akina Lewis walikuja na mpango mwingine. Baba yao, Roy Lewis, ambaye watu wote walimwita Pop, alishika besi. Wallace alipiga gitaa la mdundo, Talmadge mandolini na fidla, na kitindamimba, Little Roy, banjo. Mbele, kwenye maikrofoni, walisimama dada watatu: Miggie, Polly na Janis. Wanawake mbele, wanaume nyuma na vyombo. Kwa bluegrass ya miaka ile hilo lilikuwa jambo geni, na naamini ndilo lililowapa sauti ambayo huwezi kuichanganya na ya kundi lingine.

Sasa tuingie jikoni. Chukua wimbo ulioko kwenye G, yaani G ndiyo do, tuuandike kwa solfa kama tunavyofanya kwaya. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, zinatoka G kwenda C, kisha D, halafu zinarudi G. Anayebeba wimbo anaimba mi, fa, re, mi. Wa juu yake anaimba so, la, so, so. Wa chini anabaki na do, do, ti, do. Mwambie huyo wa chini aimbe peke yake uone: hakuna wimbo pale, ni kama mtu anayehesabu. Kwenye kwaya nyingi sauti hiyo hupewa asiyejua kukataa, naye baada ya ubeti mmoja anahamia kwenye wimbo wa mwenzake. Kwenye familia kila mtu alishapangiwa nafasi tangu utotoni, na haigombewi tena.

Kuna na suala la irabu. Kiingereza cha kusini mwa Marekani huvuta maneno. Silabi moja inaweza kusikika kama mbili. Waliokulia meza moja huvuta mahali pale pale na kufunga neno kwa pamoja bila kupigiwa mkono. Sisi wenye irabu tano tu tunadhani tumesalimika, kumbe "e" ya mmoja imefunguka hadi kukaribia "a", na ya jirani yake imebana ikaelekea "i". Solfa ni sahihi, lakini sauti hazishikani. Hilo si la damu. Linafundishika, tena mbele ya kioo, kwa kutazamana midomo.

Halafu ile "mi". Waimbaji wanaosikilizana huishusha kidogo kuliko mi ya kinanda, takriban moja ya saba ya nusu toni (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata), na kodi inatulia. Wapiga banjo wengi wanalijua hilo: uzi wao wa pili, ambao ndio mi wimbo ukiwa G, huulegeza kidogo tu chini ya kipimo. Ukiwawekea waimbaji kinanda cha umeme chenye sauti kubwa, umewanyang'anya nafasi hiyo.

Lakini yote haya yanataka saa nyingi, na hapo ndipo akina Lewis walipowaacha wenzao. Mwaka 1954 walianza kipindi cha televisheni kwenye kituo cha WJBF, mjini Augusta, na kipindi hicho kilidumu hadi 1992. Miaka 38! Kipindi kikishakuwa na ratiba, huwezi kusubiri roho ikuguse ndipo ufanye mazoezi.

Little Roy alikuwa na miaka 12 kilipoanza. Alikua mpiga banjo hodari na mchekeshaji wa jukwaani. Anakatiza, anatania, kisha banjo inalia na watu wanasimama. Kwenye baadhi ya makanisa yetu angeitwa na wazee siku hiyo hiyo. Mimi ningemtetea: baada ya nyimbo tatu za kifo na mbingu, hadhira inahitaji kupumua.

Baadaye wajukuu nao waliingia, Travis kwenye besi na Lewis Phillips kwenye vyombo kadhaa, na mwaka 2006 chama cha kimataifa cha bluegrass kiliwaweka kwenye orodha yake ya heshima. Pop hakuiona siku hiyo. Alifariki 2004 akiwa na miaka 98. Kundi lilipovunjika, Little Roy aliendelea na Lizzy Long, ambaye si mtoto wa nyumba ile, na bado sauti zao zinakaa pamoja.

Vipande vya vipindi vyao vimo YouTube. Anza na vile vya zamani, vya rangi nyeusi na nyeupe, na mara ya kwanza zima sauti kabisa: tazama midomo ya wale dada watatu tu.