Vitoto vya sungura mwitu havijatelekezwa

Ukikuta vitoto vya sungura mwitu wa Ulaya vikiwa vyenyewe shimoni, utaambiwa mama amevitupa, uvichukue ukavilee. Si kweli. Mama hukaa mbali ili asiwavutie wanyama wawindao. Kwa kawaida huja mara moja tu kwa siku, akanyonyesha dakika chache, kisha akaziba mlango kwa udongo. Maziwa yake ni mazito mno, hivyo yanatosha. Vitoto huzaliwa vipofu, bila manyoya. Hufumbua macho siku ya 10 hivi, na kufikia wiki ya 4 huacha kunyonya. Vikichukuliwa, vingi hufa, jambo linaloumiza hasa Hispania na Ureno: huko ndiko asili ya sungura hawa, na mwaka 2019 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, iliwaorodhesha kuwa hatarini kutoweka.