Watazoea lini, na wanakuja mara moja kwa miaka kumi?

Kila mfumo wa huduma za serikali mtandaoni unapobadilishwa, kikaoni hakosekani wa kusema: "Tutoe tangazo, tufundishe watumishi, wananchi watazoea." Nimechoka kulijibu hili kwa upole. Mtu huzoea anachokitumia kila siku. Pasipoti nyingi hudumu miaka mitano au kumi; mwenye nayo akirudi kuomba nyingine, mfumo wa zamani wenyewe haukumbuki, sembuse kuulinganisha na mpya. Kwake kuna fomu tu, ama inakubali ama inakataa. Anayekumbuka ni mtumishi wa dawatini, na yule anayewajazia wengine fomu kwa malipo, ambaye kwenye mafunzo hamkumwalika.

Tangazo lina kazi yake, sawa. Ila mabadiliko yenyewe yako kwingine: kwenye maombi yaliyojazwa nusu, viungo vya tovuti vilivyochapwa kwenye barua, namba za kumbukumbu zilizotumwa kwa ujumbe mfupi miezi sita iliyopita.

Chukua badiliko ambalo kila mtu hulidharau: kisanduku cha "Jina kamili" kinagawanywa viwe vitatu, jina la kwanza, la kati na la ukoo. Kwenye ratiba linapewa siku mbili. Haya, tuone. Rasimu zilizohifadhiwa zina jina moja refu. Ukilikata penye nafasi, "Maria van der Berg" anapewa jina la kati ambalo hajawahi kuwa nalo, na mwenye jina moja tu anakwama kwenye kisanduku cha lazima. Taasisi nyingine inayosoma data kwa API, yaani njia ya mifumo miwili kupeana data moja kwa moja, bado inasubiri jina likiwa zima. Cheti kinayaunganisha majina kwa mpangilio mwingine, hakilingani na kitambulisho, na mwenyewe anakuja kukataliwa benki miezi mitatu baadaye. Kwenye seva zenu hakuna kengele iliyolia.

Njia inayofanya kazi inachosha. Kwenye hifadhidata, ongeza safuwima mpya za majina bila kugusa ya zamani. Andika kwenye zote. Jaza rekodi za nyuma, na zile zisizogawanyika kwa uhakika ziache zilivyo hadi mwenyewe athibitishe. Kisha hamishia usomaji kwenye mpya. Ya zamani ifutwe mwisho kabisa, baada ya kila taasisi inayoisoma kuhama, si baada ya kuahidi kuhama. Mkifuta mapema, ule mpango wa "tukikwama tutarudi toleo la zamani" umekufa: toleo la zamani litaitafuta safuwima yake lisiione, na hata mkiirejesha kutoka kwenye nakala rudufu, maombi yaliyoingia tangu asubuhi hayatakuwemo.

Fomu mpya ifungulieni asilimia ya waombaji: 1, 5, 25, kisha wote. Mgawanyo ufuate ombi, si kila ufunguaji wa ukurasa, la sivyo mtu ataanzia fomu mpya amalizie ya zamani. HealthCare.gov, tovuti ya Marekani ya kujiandikisha bima ya afya, ilifunguliwa kwa mpigo tarehe 1 Oktoba 2013. Kumbukumbu za vikao zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofika mwisho wa kujiandikisha walikuwa 6. Viungo vya zamani elekezeni kimoja kimoja kwenye ukurasa husika. Kuvitupa vyote ukurasa wa mwanzo ni uvivu. Na wiki ya mwisho ya kulipa kodi msiweke toleo lolote jipya, hili sitalieleza.

Kuna jambo vitabu hulipita haraka: vipimo hudanganya. Simu za malalamiko zikipungua, huenda fomu imekuwa rahisi, huenda pia watu wamekata tamaa na kumlipa mtu awajazie. Kwa takwimu za mfumo pekee siwezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Naangalia hatua ambayo watu wanaachia fomu, na kama akaunti moja ya barua pepe imeanza kuleta maombi ya watu arobaini.

Mifumo miwili iendeshwe sambamba kwa muda gani? Huwa naomba mzunguko mmoja kamili, yaani mwaka mzima kama leseni ni ya mwaka. Lakini ada ikibadilika lazima irekebishwe pande zote mbili, na upande mmoja husahaulika. Kwa huduma ya miaka kumi sina jibu zuri. Ninachoshikilia ni kwamba mfumo wa zamani uache mapema kupokea maombi mapya, ila uendelee kuyafungua yaliyokwishaanza hadi la mwisho liamuliwe.